Msumeno hautengenezi ayani za urefu mmoja

Jumamosi asubuhi kaja mteja mwingine na fimbo zake za gofu. Ayani nane za mtumba, yaani zile za kichwa cha chuma, 4 hadi 9 na wedji mbili, zile fupi za mipigo ya karibu, kazifunga pamoja kwa kipande cha mpira wa baiskeli. "Fundi, ndefu kata, fupi unga, zote zilingane na saba. Nataka za urefu mmoja, kama za Bryson." Anamsema DeChambeau, mchezaji gofu wa Marekani. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, nikamwambia, "Mzee wangu, sikati hata moja mpaka tuzungumze." Huyu ni wa nne tangu masika yaishe. Wa tatu alikuja keshakatiwa na kuungiwa na fundi mageti wa mtaani kwake, akitaka mimi nimalizie gripu tu, ile mpira ya kushikia.

Basi naandika, nikiulizwa tena niwe na pa kumwelekeza mtu. Urefu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Uzito wa kichwa ndio kazi yenyewe.

Kwenye seti ya kawaida ayani 7 ina inchi 37 hivi, na kila namba inazidi au kupungua nusu inchi. 4 inafika 38.5, pichi, ile wedji inayofuata 9, inashuka hadi 35.5. Kiwandani, kadiri fimbo inavyorefuka kichwa kinapunguzwa, takriban gramu 7 kwa kila nusu inchi. Kichwa cha 7 kikiwa gramu 272, cha 4 kitakuwa karibu 251 na cha pichi karibu 293. Ndiyo maana ukizipandisha kwenye mizani ya swingi, inayopima kichwa kitakavyosikika kizito ukizungusha fimbo, zote zinasoma D2 au jirani yake, na mkono unazikubali kama ndugu.

Sasa leta msumeno. Nusu inchi ni kama pointi tatu za uzito wa swingi, na kila herufi ya mizani ina pointi kumi. Kata 4 inchi moja na nusu, imeshuka pointi tisa, kutoka D2 hadi C3. Ukiizungusha ni kama umeshika chelewa, kichwa hukisikii kiko wapi. Iunge pichi ifike 37, imepanda hadi E1, na hiyo ni nyundo. Una fimbo mbili za urefu uleule zilizopishana pointi kumi na nane! Zilipokuwa na urefu tofauti zilikuwa zinafanana mkononi kuliko sasa. Ulikuja kutafuta swingi moja, unaondoka na nane.

"Ongeza risasi basi." Hili nalo nimelisikia mpaka limenichosha. Pointi moja inadai gramu 2 hivi kichwani, kwa hiyo 4 inataka karibu gramu 18. Utepe wa madini ya risasi wa gramu 18 ni tabaka juu ya tabaka nyuma ya kichwa, na jua letu likiipiga gundi unaanza kufunuka katikati ya raundi. Ukiutia uzito huo ndani ya shafti, ule mpini wa fimbo, kule chini, unakaa shingoni na kuvuta kitovu cha uzito wa kichwa kuelekea kisigino, upande wa mpini. Na pichi je? Gramu 18 za kutoa utazitoa wapi? Ukisaga soli, yaani tumbo la chini la kichwa, umeondoa baunsi, ule uvimbe wake, na kwenye ardhi iliyolowa ya Aprili baunsi ndiyo inayozuia fimbo isizame kama jembe.

Kuna shafti pia. Ukiikata 4 upande wa gripu, ncha yake inabaki laini kuliko ya 7. Na kuna lai, yaani pembe ya shafti na ardhi: 7 ina nyuzi 62.5 hivi, 4 ina 61, pichi 64. Fimbo zikiwa na urefu mmoja unasimama mkao mmoja, kwa hiyo zote zinatakiwa ziwe na lai moja. Ile pichi ya nyuzi 64 itakupeleka kushoto ukiwa unapiga kwa mkono wa kulia, na itakupeleka zaidi kuliko 4 yenye kosa la kiasi hichohicho, kwa sababu lofti kubwa, yaani uso wa fimbo uliolala zaidi, hukuza kosa la lai. Chuma laini kilichofuliwa nitakikunja. Vichwa vya kusubu vya chuma kigumu, ambavyo ndivyo vimejaa kwenye mitumba, vikikunjika nyuzi mbili nashukuru.

Bryson DeChambeau anachezea ayani za inchi 37.5 zote, na amechukua ubingwa wa US Open mwaka 2020 na tena 2024. Hayo watu wanayajua. Wasichoangalia ni kwamba vichwa vyake vilitengenezwa vilingane uzito tangu mwanzo. Seti za dukani za aina hii, kama One Length za kampuni ya Cobra, zimefuata njia hiyohiyo. Wala wazo si geni, kampuni ya Tommy Armour walikuwa na seti yao ya EQL tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Wanaodhani zote zitapiga umbali mmoja, hapana. Lofti ndiyo inayopanga umbali, na bado ipo.

Kosa la pili linaniuma zaidi, kwa sababu linasemwa na watu waliokwisha nunua seti sahihi: "Za urefu mmoja hazihitaji kupimwa, ni saizi moja kwa wote." Ni kinyume kabisa. Kwenye seti ya kawaida, ukikosea nusu inchi, bado zipo namba mbili tatu mfukoni zinazokaribia urefu wako. Kwenye seti hii kosa moja limepigwa chapa mara nane, huna pa kukimbilia. Mimi hupima kifundo cha mkono hadi sakafuni, si kimo peke yake. Wapo wachezaji wawili wa uwanja wa gofu wa Lugalo wenye kimo kilekile, mmoja mikono inakaribia magoti, mwingine mifupi. Fimbo zao haziwezi kufanana. Kisha namwaga poda kwenye uso wa 7 na kuangalia mpira unagusa wapi katika mipigo ishirini. Lai naipima kwa mstari wa kalamu ya wino mzito kwenye mpira: ukiacha alama iliyoinama usoni, lai si yako. Yote hayo juu ya nyasi, na viatu vyako vya kuchezea miguuni. Zulia la plastiki linaficha makosa.

Ayani 4 na 5 za urefu mmoja simshauri mchezaji wa ridhaa mwenye swingi ya taratibu. Fimbo imefupishwa, mwendo wa kichwa umepungua, mpira hauinuki. Anzia 6, juu yake weka haibridi, fimbo ya kichwa kinene inayoshika nafasi ya ayani ndefu. Upande wa pili, 9 na pichi zimerefuka, zinapiga juu sana, na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini pale uwanja wa Gymkhana utaona mpira unasimama hewani.

Penye wedji ya mchanga nina shaka na ushauri wangu mwenyewe. Wengi nawatengenezea fupi ya kawaida, kwa sababu chipu, ule mpigo mfupi, ya yadi kumi kwa fimbo ya inchi 37 inawasumbua. Lakini hapo nimeshavunja hoja ya urefu mmoja, na mteja akiniuliza kwa nini iishie kwenye pichi, sina jibu zaidi ya kwamba nimeona inafanya kazi. Shaka nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Waliofurahia seti hizi mikononi mwangu walikuwa pia wanapimwa lai na uzito kwa mara ya kwanza maishani. Je, wamesaidiwa na urefu mmoja, au na kupimwa? Siwezi kuvitenganisha, na mtu wa handikapu 24, yaani mchezaji wa kawaida tu, akiniuliza kama lazima abadili, namjibu aanze kwa kupimwa hizo alizonazo.

Mzee wa Jumamosi amekubali hivyo. Yule aliyekatiwa na fundi mageti, pichi yake nimetoa kiungo ikarudi kama zamani. 4 sikuiunga, inchi moja na nusu ni nyingi kwa kiungo, anasubiri shafti mpya.