Mapokezi wakitoa ufunguo, je, polisi wana ruhusa ya kupekua chumba chako?

Wateja wangu wengi huamini kwamba chumba cha hoteli ni cha hoteli, kwa hiyo meneja akiwafungulia polisi, mgeni hana la kusema. Nikitaka kulifafanua jambo hili, huanza na kesi ya Marekani: Stoner dhidi ya California, iliyoamuliwa mwaka 1964.

Oktoba 1960, duka la vyakula liliporwa mjini Monrovia, California. Kitabu cha hundi kilichookotwa karibu na hapo kikawaelekeza polisi kwenye hoteli moja mjini Pomona. Walifika saa nne usiku, bila hati ya upekuzi wala ya kukamata mtu. Karani wa zamu akawaambia mgeni wa chumba 404 ametoka, kwa kuwa ufunguo wake ulikuwa umerudishwa. Walipomweleza shida yao, akasema atafurahi kuwasaidia, akawapeleka hadi mlangoni na kuwafungulia kama anayekaribisha wageni wake mwenyewe. Ndani wakakuta miwani, jaketi la kijivu na, chini ya nguo kwenye droo, bastola.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu aliyopewa mgeni huyo, Stoner. Kweli, anayepanga chumba hukubali wahudumu waingie kutandika kitanda au kurekebisha bomba, lakini ruhusa hiyo inaishia kwenye kazi zao. Haki iliyovunjwa ilikuwa ya mgeni, na ni yeye tu angeweza kuiachilia, kwa kinywa chake au kupitia mtu aliyemtuma. Ukarimu wa karani haukuwa na uzito wowote kisheria.

Mambo hubadilika ukishaondoka. Mwaka 1957 jasusi wa Kisovieti Rudolf Abel alikamatwa katika hoteli ya Latham, New York. Alipokwisha kufunga mizigo na chumba kurudishwa, FBI waliruhusiwa na hoteli kuingia, wakatoa kwenye pipa la taka penseli yenye tundu iliyofichwa filamu ndogo. Majaji watano kwa wanne walisema vitu hivyo alikwisha kuvitupa.

Hapa Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inalinda mwili wako, makao yako na mali yako visipekuliwe, na begi lako halipotezi ulinzi huo eti kwa sababu umelala Malindi badala ya kwako. Kanuni ni kwamba hati hutolewa na korti chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, na hutekelezwa kati ya macheo na machweo isipokuwa korti iseme vingine. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kinamruhusu afisa kupekua bila hati pale ambapo kuchelewa kutaharibu uchunguzi, ila lazima kwanza aandike sababu zake na kitu anachokitafuta. Maandishi hayo ndiyo ninayoyadai kwanza nikiwa kortini. Mara nyingi hayapo!

Usiwazuie kwa nguvu. Utajitafutia kesi nyingine. Sema wazi kwamba hujaridhia, omba kuona vitambulisho, andika majina na saa. Tofauti na kwa Stoner, chini ya Ibara ya 50(4) ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki zako hautupwi moja kwa moja: hakimu hupima kwanza kama kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki.