Fidia ya mtoto aliyeumia si pesa ya mzazi

Kuna ujumbe usiokauka kwenye magrupu: eti mtoto akilipwa fidia ya ajali, pesa ni za mzazi, kwa kuwa ndiye anayemlea na ndiye aliyesaini. Sivyo.

Katika nchi nyingi, fidia ya maumivu au ulemavu wa mtoto ni mali ya mtoto mwenyewe. Mzazi ni mtunzaji tu: asiichanganye na pesa zake, aweke risiti, awe tayari kutoa hesabu. Mara nyingi mahakama huagiza ikae kwenye akaunti maalumu hadi mtoto afikie utu uzima. Kumnunulia kiti cha magurudumu ni sawa. Kulipia mkopo wa gari la baba ni jambo jingine kabisa, na mtoto akikua anaweza kudai.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kesi moja huweza kuwa na mafungu mawili. Gharama za matibabu alizotoa mzazi mfukoni huweza kurudishwa kwake, basi wengine hudhani zote ni zake.

Soma hati ya makubaliano au amri ya mahakama, uone kila fungu ni la nani. Usipoelewa, muulize wakili kabla ya kugusa hata senti. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.