Nyundo ya fundi mashua haijawahi kuipita sauti

Nimelisikia tena, na safari hii nimelisikia nyumbani kwetu Mikindani, mkoani Mtwara, mbele ya kahawa yangu mwenyewe, kutoka kwa shemeji yangu ambaye ni mwalimu wa sekondari na kwa hiyo hana kisingizio. Ndege kubwa ilikuwa ikipita juu sana kuelekea kaskazini, imeacha ule mstari wake mweupe, na mngurumo ukawa unasikika nyuma yake kabisa, mahali ambapo anga lilikuwa tupu. Shemeji akanyanyua kidole na kuwaambia watoto: "Mnaona? Imeuacha mlio wake. Hiyo inakwenda kasi kuliko sauti." Watoto wakanigeukia mimi, fundi wa ndege wa ukoo, ili nithibitishe. Nimezihudumia injini za ndege kwa miaka ishirini na moja, na sentensi hiyo nimeambiwa ndani ya daladala, nimeambiwa msibani, na mara moja niliambiwa na kijana aliyekuja kuomba kazi katika karakana yetu. Basi naiandikia mara moja, ili siku nyingine nimtumie mtu ukurasa huu, nami niendelee na kahawa.

Hakuna ndege ya abiria inayoruka leo kwa kasi inayoizidi sauti. Katika historia nzima zimekuwepo aina mbili tu: Concorde ya Waingereza na Wafaransa, iliyobeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003 kwa mwendo wa takriban Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, na Tupolev Tu-144 ya Wasovieti, ambayo huduma yake ya abiria haikumaliza hata mwaka. Jeti nyingine zote unazoziona juu ya pwani yetu hutembea karibu na Mach 0.8, yaani kama asilimia 80 ya kasi ya sauti mahali zilipo. Hilo halina mjadala, kwa hiyo tuliache.

Lenye mjadala ni kile ambacho jicho na sikio vinashuhudia. Nenda ufukweni Mikindani fundi mashua anapogongomea misumari, kisha usimame ng'ambo, mita mia saba hivi kutoka alipo. Utaiona nyundo inashuka, inapanda tena, na mlio wa pigo utakufikia baada ya sekunde mbili, wakati mkono wa fundi uko hewani kwa ajili ya pigo jingine. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba nyundo ya fundi huyo imeipita sauti. Sote tunajua kuwa mwanga umefika mara moja na sauti imechukua muda wake njiani. Kwa nini basi akili hiyo hutuhama pindi tunapotazama juu?

Ndege iliyo kwenye kimo cha km 11 inapokuwa utosini kwako, sauti inayoitoa wakati huo ina safari ya km 11 ya kushuka. Kwa wastani wa mita 320 kwa sekunde, kwa kuwa hewa ya juu ni baridi na sauti hujikokota kwenye baridi, safari hiyo huchukua sekunde kama 34. Ndani ya sekunde 34 ndege iliyo kwenye mita 240 kwa sekunde imeshasogea mbele km 8 na ushei. Kwa hiyo unapousikia mngurumo utosini, unasikia habari ya zamani. Mwenye habari ameshafika mbali. Hata ndege ya Mach 0.5 ingeuacha mlio wake nyuma kwa namna hiyo hiyo, ila kwa umbali mdogo zaidi.

Hapa ndipo wengi wa fani yangu hufunga daftari, nami hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu shemeji alinirudishia hoja ya haki. Alisema: ikiwa sauti ndiyo yenye kasi zaidi, basi inapaswa kuitangulia ndege, nami ningeisikia kabla ndege haijafika juu yangu, mbona sikusikia kitu mpaka ilipopita? Hoja hiyo ni nzuri kuliko majibu mengi yanayotolewa dhidi yake. Ni kweli kwamba chombo kilicho chini ya kasi ya sauti hutanguliwa na sauti yake. Ni kweli pia kwamba mtu aliyeketi barazani, kwenye upepo wa kusi na minazi inayovuma, mara nyingi hasikii chochote mpaka ndege imekwisha kumpita.

Jibu ni kwamba mlio wa injini ya jeti si mmoja. Kinachotoka kwa mbele ni mluzi wa feni, sauti nyembamba, na hewa huzimeza sauti nyembamba haraka sana. Baada ya kilomita kadhaa hakibaki kitu. Kinachotoka kwa nyuma ni ule mngurumo mzito, unaozaliwa pale hewa ya kasi itokayo injinini inapogongana na hewa iliyotulia, na sauti nzito husafiri mbali. Zaidi ya hapo, mngurumo huo hautawanyiki sawasawa pande zote, bali una nguvu zaidi upande wa nyuma kwa mshazari, kwa hiyo sehemu yake nono humwangukia mtu ambaye ndege imeshampita. Ongeza na umbali: ndege iliyo theluthi ya njia kati ya upeo wa macho na utosi ipo km 22 kutoka kwako, mara mbili ya itakavyokuwa ikifika juu, na sauti yake imegawanyika robo. Shemeji hakudanganywa na masikio yake. Sauti ilimfikia mapema kweli, ila ilifika ikiwa hoi.

Kama ingekuwa imeipita sauti kweli, asingesikia mngurumo unaokua na kufifia. Angesikia kimya, kisha kishindo, na kwa ndege kubwa kama Concorde vishindo viwili vinavyofuatana kama milango miwili iliyobamizwa, kimoja cha pua na kingine cha mkia. Nakiri kwamba katika mwaka wangu wa kwanza wa mafunzo niliamini kishindo hicho hutokea mara moja tu, pale ndege "inapovunja" kitu fulani angani, kama mtu anayepasua ngozi ya ngoma. Sivyo. Ndege hukiburuta kishindo njia nzima, na kila kijiji kilicho chini ya njia hiyo hupata cha kwake. Ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku safari za kiraia za namna hiyo juu ya nchi kavu mwaka 1973. Zile zinazopita juu yetu usiku zingekuwa na kasi hiyo, madirisha ya Shangani, Mikindani na Lindi mjini yangetuamsha kila siku.

Kuna kipimo ambacho mtu anaweza kukifanya kwa mkono wake. Nyoosha mkono mbele na kukunja ngumi; upana wa ngumi hiyo ni takriban nyuzi 10 za anga. Mngurumo unaposikika kutoka utosini kabisa, pima ngumi kutoka utosini hadi ilipo ndege. Ukipata ngumi nne au pungufu kidogo, una ndege ya Mach 0.8 na kitu. Ili uanze kuzungumza juu ya kuipita sauti, unahitaji kuzidi ngumi nne na nusu, yaani nyuzi 45. Nakipenda kipimo hiki, lakini nisikiuze kwa bei isiyo yake: masikio ya binadamu ni hodari kutofautisha kushoto na kulia, na ni mabovu kwa kupima juu na chini, tena upepo huipinda sauti njiani. Nimewahi kupata ngumi tatu na ngumi tano kwa ndege za aina moja jioni moja.

Wapo wanaokuja na ushahidi wa skrini iliyo mbele ya kiti cha abiria, ile inayoonyesha kasi ya ndege. "Niliona mwenyewe, kilomita 1,150 kwa saa!" Uliona, sikatai. Kasi hiyo hupimwa dhidi ya ardhi, ilhali kuipita sauti hupimwa dhidi ya hewa ambayo ndege imo ndani yake. Mtumbwi unaoteremka na mkondo wa Ruvuma utapita kwa kasi mbele ya mtu aliyesimama ukingoni hata kama mpiga kasia amelala. Februari 2020 Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London chini ya saa tano, na kwa ardhi ilifikia takriban km 1,327 kwa saa, kwa kuwa ilibebwa na upepo mkali wa juu. Ndani ya hewa hiyo ilikuwa bado chini ya Mach 1, na hakuna kishindo kilichotokea. Isitoshe, kasi ya sauti yenyewe si namba moja: kwenye joto la Mtwara la nyuzi 30 ni karibu km 1,256 kwa saa, na huko juu kwenye baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri hushuka hadi karibu km 1,062.

Ndugu wa imani hiyo ni ile isemayo kwamba ndege yenye kelele nyingi ndiyo yenye mbio na nguvu, na hii hunichosha zaidi, kwa sababu hufuatwa na maneno kwamba ndege za siku hizi ni "laini". Boeing 737-200 zilizokuwa zikitumika nchini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa na injini za JT8D, zilizotoboa masikio zikitoa msukumo wa kilonyutoni 65 hivi kila moja. Airbus A220, ambayo nchi yetu ilipokea ya kwanza Desemba 2018, ina injini zenye msukumo wa zaidi ya kilonyutoni 90, na jirani yako anaweza kuendelea na mazungumzo ikiruka. Injini ya zamani ilichukua hewa kidogo na kuirusha nyuma kwa kasi kubwa. Hii mpya huchukua hewa nyingi na kuisukuma taratibu, sehemu kama kumi na mbili zikipita kando kwa kila sehemu moja inayoingia motoni. Mwaka 1952 Mwingereza James Lighthill alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu ya kelele ya mkondo wa hewa hupanda kwa kipeo cha nane cha kasi yake, yaani ukiipunguza kasi hiyo kwa nusu, nguvu ya kelele hushuka mara 256. Vitabu vyetu vya mafunzo huishia hapo kwa mchoro wenye mishale. Havisemi kwamba zaidi ya miaka sabini baadaye wataalamu bado wanabishana ni kipi hasa, ndani ya msukosuko ule wa hewa, kinachopiga kelele.

Ukitaka ushahidi wa karibu, sikiliza ndege za pangaboi za safari ya Dar es Salaam. ATR 72 huvuma kifuani mwa abiria kuliko jeti, na bado mwendo wake ni km 510 hivi kwa saa. Na kupungua kwa mlio muda mfupi baada ya kuruka ni rubani kushusha nguvu ya injini kwa ajili ya kupanda. Injini haijazimika, kaa kitako.

Kitu kimoja kwenye jeti huipita sauti kweli, nacho ni ncha za panga za feni kwenye injini nyingi wakati wa kuruka. Ule mlio kama msumeno wa mbao unaousikia ukiketi mbele ya bawa hutoka hapo. A220 haina sana mlio huo, kwa kuwa giaboksi yake huifanya feni izunguke taratibu, takriban theluthi ya kasi ya shafti inayoiendesha.

Usiku ule shemeji alikubali kupima. Ndege ilipita utosini, akaanza kuhesabu kwa saa yake, na mngurumo ukafika utosini kwenye sekunde 35. Akatabasamu kama hakimu, akasema kwamba sekunde nyingi hivyo ni dalili ya mbio za ajabu. Nikamwambia sekunde hizo zimepima kimo tu. Hata fenesi lingening'inia pale juu likilia lingempa 35. Kasi ilikuwa kwenye ngumi, na ngumi alikuwa amesahau kuzihesabu.