Kuhamia Kigoma: kodi ya chumba ni sehemu ndogo ya hesabu

Kijana anayepanga Dar es Salaam akisikia bei za vyumba vya Gungu au Katubuka, mjini Kigoma, hupiga hesabu ya kutoa: huku nalipa laki, kule elfu thelathini, basi kila mwezi nitabaki na elfu sabini. Katika kazi yangu ya ushauri wa fedha kwa vijana, hiyo ndiyo hesabu ninayoanza kuivunja. Si ya uongo, ila imeacha swali moja nje: hiyo laki utaipata wapi ukishahama?

Kwa sensa ya 2022, Manispaa ya Kigoma-Ujiji ina watu takriban 232,000. Miaka kumi kabla ya hapo ilikuwa na 215,000 hivi. Mji unaojaa polepole kiasi hicho haupandishi kodi za vyumba kwa kasi, na hapo ndipo unafuu wake unapotoka. Lakini pia pesa inayozunguka ndani ya mji haikui haraka. Ukifungua saluni au kibanda cha chipsi pale Mwanga, unagombea noti zilezile na waliokutangulia. Kwa hiyo Kigoma namshauri mtu ambaye pesa yake inatoka nje ya Kigoma: anayefanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa Dar au Nairobi, mwajiriwa wa serikali au shirika, au anayenunua kitu cha huku na kukiuza kwingine. Anayekuja kutafuta ajira akiwa hana hata moja kati ya hayo, unafuu wa kodi ataula ndani ya miezi mitatu.

Vitu vya bei nafuu Kigoma ni vile vinavyotoka ziwani na shambani: dagaa, migebuka, mawese, muhogo, ndizi, maharage ya Kasulu na Kibondo. Vya ghali ni karibu kila kilichotoka kiwandani, kwa sababu reli kutoka Dar ni kilomita 1,250 hivi na mvua ikikata njia mzigo unakwama. Vipuri vya kompyuta na simu, vifaa vya ujenzi, vipodozi: nunua kabla ya kuondoka kama kazi yako inavitegemea. Kitanda na kabati usivibebe. Viuze Dar, mafundi seremala wa Kigoma watakutengenezea vingine.

Hata bei ya dagaa ina kalenda yake, na anayepanga bajeti aijue. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki vizuri, wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa na bei hupanda. Kuna pia kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu mizima, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Aliyeweka mtaji wake wote kwenye dagaa bila akiba ya miezi mitatu aliumia.

Nimetaja dagaa kwa sababu ndiyo biashara ya kwanza inayomjia kichwani mgeni, na ni biashara nzuri kwa anayeielewa. Kilo moja ya dagaa wakavu hutokana na kilo tatu hadi nne za wabichi, basi ukiuziwa wabichi zidisha bei mara nne kabla ya kuilinganisha na ya soko la Dar. Dagaa wa kwenye chanja hawana mchanga na hukauka upesi kwa kuwa hewa hupita chini, wakati wale walioanikwa chini hupata mchanga, na mnunuzi wa mjini huwatambua akitafuna mmoja tu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huharibu mahesabu: dagaa wasiokauka siku hiyohiyo huanza kunuka na kukatika vichwa, na mwisho huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kosa jingine ni kufunga gunia wakati dagaa bado wana joto la jua. Jasho hubaki ndani na ukungu huanza kabla mzigo haujafika Tabora. Waache wapoe kivulini kwanza.

Soko la dagaa liko hadi Lubumbashi, Kongo, na bidhaa nyingine huvuka kwenda Burundi. Konseli, yaani ofisi ndogo za ubalozi, za Kongo na Burundi zote mbili ziko mjini Kigoma. Kuingia Kongo unahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa Burundi, mzigo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 huweza kutumia cheti rahisi cha uasili (kinachothibitisha bidhaa imezalishwa wapi) kinachotolewa mpakani, bila kuajiri wakala. Wengi hawakijui, wanalipa watu wa kati bure.

Sasa chumba. Mwenye nyumba atataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja. Kabla ya kutoa pesa uliza LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nani. Hili si dogo. Mita iliyo kwenye tarifa ya matumizi madogo ya nyumbani hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya tozo, mradi isizidi yuniti 75 kwa mwezi. Wapangaji wanne wakichangia mita moja, wenye friji na pasi, yuniti 75 zinaisha mapema, mita inahamishiwa tarifa ya kawaida na kila mtu analipa karibu mara tatu, hata yule mwenye taa moja tu. Tafuta chumba chenye mita yake. Kodi ya jengo nayo hukatwa humohumo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kisheria ni deni la mwenye nyumba. Iandikwe kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi yako ya chumba.

Maji: mji una vilima, na nyumba ya juu yenye bomba si lazima iwe na maji ya bomba. Nenda ukafungue koki jioni, watu wakiwa wanapika. Kama yanadondoka tu, weka simtanki kwenye bajeti. Nyumba za karibu na ufukwe nazo ziangalie ukutani: ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na 2021, na alama za maji mara nyingi bado zinaonekana chini ya rangi mpya.

Anayefanya kazi mtandaoni apime intaneti akiwa ndani ya chumba chenyewe, kwa laini za kampuni mbili tofauti, mchana na tena saa mbili usiku. Kasi ya stendi haikuhusu.

Afya kwa ufupi. Utafiti wa malaria wa 2017 uliiweka Kigoma juu kabisa nchini, karibu asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikutwa na vimelea. Chandarua kinunuliwe kabla ya godoro. Kuoga kwenye maji yaliyotulia yenye majani ni kujitafutia kichocho. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni.

Mfano wa bajeti ya kuanzia, kwa chumba na sebule cha 50,000: miezi sita 300,000, dalali 50,000, kisha matumizi ya miezi mitatu yasiyoguswa. Nauli na vyombo viwe juu ya hapo. Kama jumla hiyo huna, usihame kwanza. Nenda ukakae wiki tatu kwenye nyumba ya wageni huku bado una chumba chako Dar, utafute chumba mwenyewe kwa miguu. Vyumba vingi havifiki kwa dalali kabisa. Mwenye nyumba humwambia tu mwenye duka la jirani.

Ukishapata, nenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ujiandikishe, hata kama mwenye nyumba atakwambia si lazima. Barua yao ndiyo utakayoombwa ukifungua akaunti au ukitaka leseni ya biashara. TIN, namba ya mlipakodi, haina malipo. Na tembea na kitambulisho cha NIDA, si namba tu iliyoandikwa kwenye karatasi: huu ni mkoa wa mpakani, Uhamiaji hukagua mabasi, na asiye na kitambulisho hushushwa kuhojiwa basi likiondoka.