Kabla Hujaongeza Jani kwenye Springi ya Gari Lako

Kiangazi kikikolea, Dodoma huanza kutoa magari yake madogo ya safari. Wengine wanapanda Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo, wengine wanashuka Mtera, wengine wanaingia milima ya Mpwapwa. Ni msimu huo huo, hasa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia na kila mtu anatafuta stika ya ukaguzi, ambapo dawati letu la ukaguzi wa magari hujaa lalamiko la aina moja: "Nimetumia hela nyingi kuimarisha springi, na bado mkaguzi amenikatalia gari."

Makala haya yanawahusu wenye Suzuki Samurai, SJ410, SJ413 na fowili nyingine ndogo, yaani magari ya kuendeshwa na magurudumu yote manne, ambazo ekseli zake zinashikiliwa na springi za majani, yaani vile vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Jimny ya kuanzia mwaka 1998 inatumia springi za koili, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya haiihusu.

Ieleweke kwamba hakuna aliyekatazwa kuboresha gari lake. Kinachokataliwa ni gari lililoinuliwa huku breki, usukani na propela (mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye ekseli) vikiachwa palepale vilipokuwa.

Hadithi huanza hivi. Springi zimelala, nyuma ya gari imeshuka, na gereji inashauri "tuongeze jani moja." Jani linatafutwa skrepa, mara nyingi la pikapu kubwa, linakatwa, linatobolewa kwa gesi, linachomekwa katikati ya mengine. Gari linainuka siku hiyo hiyo na mwenye gari anaondoka ameridhika.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ugumu wa jani haupandi sawasawa na unene wake. Unapanda kwa unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Jani la milimita 8 ni gumu zaidi ya mara mbili ya jani la milimita 6 lenye upana na urefu uleule. Na kwa kuwa majani yote hupinda pamoja, lile nene ndilo linalobeba mkazo mkubwa kuliko wenzake. Ongeza na tundu la gesi: chuma cha springi hupata unyumbufu wake kiwandani kwa kuchomwa, kuzimishwa na kupashwa tena joto kwa kipimo. Moto wa fundi unafuta kazi hiyo yote pale pale katikati, kwenye sehemu inayopinda zaidi. Ufa unaanzia hapo. Kulehemu jani lililovunjika ni kosa lilelile, na hatulijadili.

Yapo mawazo kwamba gari likishakuwa gumu ndiyo limekuwa imara. Hapana. Springi kazi yake ni kuliacha gurudumu lifuate ardhi. Kwenye barabara ya vumbi yenye rasta, yaani vimatuta vya mfululizo, springi ngumu kupita uzito wa gari hulirusha gurudumu juu, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Mshindo ambao springi imekataa kuumeza unakwenda kwenye chesisi, na nyufa tunazikuta kwenye vishikio vya springi. Kwa gari fupi na jembamba kama Samurai, hilo si jambo la kufanyia majaribio.

Kabla ya kununua chochote, fungua springi ulizonazo. Kati ya jani na jani utakuta unga mwekundu wa kutu, na juu ya ncha ya kila jani utakuta alama inayong'aa pale ncha inapochimba jani lililo juu yake. Msuguano huo peke yake unatosha kulifanya gari liwe gumu kwenye tuta dogo. Sugua majani kwa brashi ya waya, lainisha ncha zilizochimba kwa jiwe la kusagia, weka bushi mpya, rudisha vibanio vinavyoyashika majani yasitawanyike springi inapofunguka. Majani yaliyonyooka hurudishiwa tao lake kwa kugongwa yakiwa baridi na fundi wa springi anayejua kazi, au unanunua seti nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako. Jani la kuongeza likibidi, liwe la unene uleule na upana uleule na yaliyopo.

Tafadhali acheni kumwagia springi oili chafu. Kwa vumbi la Dodoma, oili hiyo inageuka tope la kusagia chuma, na bushi za mpira zinavimba na kuoza. Sijui ushauri huu unatoka wapi, lakini kila mwaka uko pale pale.

Halafu pimeni mizigo. Springi nyingi zinazoletwa kwetu kama "mbovu" hazina tatizo, zimebebeshwa tu. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80. Tairi la akiba la ukubwa mwingine, hema la juu ya paa, betri ya pili, sanduku la vyuma: chukua mizani ya gunia, zimejaa kwenye masoko ya Majengo na Kibaigwa, pima kimoja kimoja uandike. Jumlisha na abiria. Kisha soma uzito wa juu ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Kuongeza jani hakubadilishi tarakimu hiyo hata kwa kilo moja, na kusema "lakini sasa linabeba" si hoja mbele ya mkaguzi wala mbele ya kampuni ya bima.

Kuna wanaotaka kuliinua gari makusudi ili lipite makorongo na mito ya mchanga. Njia rahisi ni kurefusha shakeli, vile vipande viwili vinavyoning'iniza ncha ya springi. Ukirefusha kwa sentimita 4, gari hupanda kama sentimita 2 tu, lakini ekseli nayo imezungushwa kidogo. Kwa mbele, mzunguko huo unaharibu mwinamo unaousaidia usukani kujirudisha wenyewe, na gari linaanza kuyumbayumba kwenye lami ya Kondoa ukifika kasi ya kawaida ya safari. Dawa yake ni kabari ya chuma iliyokatwa kwa nyuzi sahihi kati ya springi na ekseli. Kabari ya mbao tumewahi kuiona. Hatukuipitisha.

Njia kubwa zaidi ni kuhamisha springi. Samurai ya kiwandani springi zake ziko chini ya ekseli. Ukizipeleka juu yake gari linapanda zaidi ya sentimita 12. Hiyo ni kazi ya kubuni upya usukani, pembe ya difu, propela, hozi za breki na shokapu, si kazi ya Jumamosi moja. Kuweka vitalu vya kuinulia kati ya ekseli ya mbele na springi tunakataa papo hapo.

Jambo ambalo mafundi wengi wanalisahau liko nyuma. Baadhi ya magari haya yana vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kwa kupima umbali kati ya ekseli na chesisi. Gari likibeba mzigo, umbali unapungua, vali inaongeza breki za nyuma. Ukiinua gari bila kurekebisha kiungo cha vali hiyo, inadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa hadi darini, na breki za nyuma zinapungua siku ambayo unazihitaji kuliko zote. Mwambie fundi akuonyeshe kiungo hicho kwa kidole. Asipokijua, ondoka na gari lako.

Shokapu nazo ziendane na urefu mpya. Shokapu fupi ikivutika hadi mwisho inageuka kamba ya kushikia ekseli, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hozi za breki zikaguliwe gari likiwa limeinuliwa kwa jeki kwenye chesisi na magurudumu yananing'inia, zisivutike. Yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikifunguliwa zisirudishwe, nunua mpya, zikazwe kwa kipimo, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache za kwanza.

Kuhusu sheria. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari lililoko barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kila kosa: ubovu wa gari ni kosa, kutokuwa na bima hai ni kosa lingine, na kila moja linaandikwa peke yake. Wanaotutajia shilingi 10,000, hiyo ni ya bodaboda na bajaji tangu mwaka 2021. Faini haikabidhiwi askari mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unatunza ujumbe wa malipo. Usipokubaliana na kosa una haki ya kulikana na kwenda mahakamani. Kulipa faini hakuliponyi gari: likionekana ni hatari linaweza kuzuiwa kutembea mpaka litengenezwe na kukaguliwa upya. Mwenye bima kubwa atoe taarifa ya mabadiliko kwa maandishi, abaki na nakala yenye mhuri wa kampuni. Taarifa ya mdomo kwa wakala haisaidii siku ya madai.

Ukija kwenye ukaguzi, leta kadi ya gari, leseni, bima na risiti za vipuri. Osha chini ya gari, hatukagui tope. Tutapima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye kishikio cha springi, kulia na kushoto, kwa sababu bolti ya katikati, ile inayoshikanisha majani, ikikatika ekseli husogea na vipimo viwili havilingani. Unaweza kulipima mwenyewe nyumbani kabla ya kuja. Na gari la safari liletwe na mzigo wake wa safari, hema na madumu yakiwa yamejaa, si tupu kama mnavyopenda kuja, maana pembe ya shakeli tunaisoma springi ikiwa imebeba.