Baba Mchungaji, sitoshi

Jumamosi iliyopita jioni mwinjilisti wetu kijana alikuja nyumbani hapa Mbagala, akakaa uani kwenye kiti cha plastiki, akanyamaza muda mrefu. Jumatatu alitakiwa kuongoza mazishi ya mtoto wa miaka sita. Hatimaye akasema, "Baba Mchungaji, kwa kazi hii mimi sitoshi."

Sikumwambia, "Unatosha, mwanangu, jipe moyo." Si kweli, na Maandiko hayasemi hivyo.

Paulo mwenyewe aliuliza: "Naye ni nani atoshaye kwa mambo hayo?" (2 Wakorintho 2:16). Ametoka kusema kwamba sisi ni harufu, kwa wengine ya uzima, kwa wengine ya mauti. Anayeuelewa uzito huo lazima aulize hivyo. Mimi humhofia zaidi mhubiri ambaye hajawahi kuuliza. Jibu liko 3:5: utoshelevu wetu watoka kwa Mungu.

Nafundisha Agano Jipya, na hapa ndipo darasani huwa natumia muda mwingi. Neno la Kigiriki ni hikanos, yaani mwenye kutosha, mwenye kufaa. Sasa fungua Kutoka 4:10 katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ambayo Paulo aliifahamu vizuri. Kwa Kiebrania Musa anasema yeye si mtu wa maneno. Watafsiri wakaandika: ouch hikanos eimi. Sitoshi! Na katika sura hiyohiyo ya 3 Paulo anamtaja Musa, yule ambaye uso wake uling'aa. Sidhani kwamba maneno hayo yamefanana kwa bahati tu. Naamini Paulo anajibu kwa niaba ya kila aliyewahi kusema kama Musa.

Na Mungu alimjibuje Musa? Hakumsifia sauti. Alimuuliza ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu, kisha akaahidi kuwa pamoja na kinywa chake. Hatusomi popote kwamba ulimi ule mzito uliponywa. Alipozidi kukataa, akapewa Haruni, kaka yake, amsemee.

Haruni wangu nilimwona Tandika, katika mwaka wangu wa tatu wa uchungaji. Marehemu alikuwa rafiki yangu. Chini ya turubai nilianza kusoma Zaburi ya 90, nikafika "Utujulishe kuzihesabu siku zetu", sauti ikakata. Watu wamekaa mikekani, wananitazama. Mzee wa kanisa alinyanyuka, akaichukua Biblia mikononi mwangu taratibu, akaendelea kusoma kuanzia neno lile nililoishia. Ibada haikuharibika.

Wapo wanaopanda madhabahuni bila kuandaa neno, wakasema wanamtegemea Roho. Hilo silikubali. Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni, aliagiza aletewe vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13).

Basi jioni ile tulikaa na kijana tukaandaa. Tuliandika, tukafuta, tukapunguza maneno. Tukakubaliana kwamba Zaburi atasoma mzee, yuleyule wa Tandika, ambaye sasa anatembea kwa fimbo. Tukaomba, akaondoka kuwahi daladala.

Jumatatu makaburini alihubiri kama dakika saba. Alipochota udongo mkono ulikuwa unatetemeka, na mzee alikuwa amesimama bega kwa bega naye.