Kupaki gari kwenye mteremko Pemba: yanayosemwa na yaliyo kweli

Utasikia mara nyingi kuwa Pemba hakuna milima, kuna vilima tu, na kwamba habari ya gari kuporomoka ni ya watu wa Lushoto. Ni kweli kisiwa chetu hakina kilele kinachofika hata mita 150. Lakini gari haijali urefu wa kilima. Inachojali ni ukali wa mteremko pale iliposimamishwa, na miteremko mikali tunayo ya kutosha: barabara inayopanda kutoka bandari ya Mkoani, njia ya kushukia bandarini Wete, vichochoro vya Chake Chake vinavyoteremkia kwenye hori, na njia za vijijini zinazotoka mgongoni mwa kilima, zikashuka hadi bonde la mpunga na kupanda tena. Dereva aliyejifunzia Unguja, kwenye tambarare ya mjini au ya Paje, anaweza kuendesha miaka bila kupaki pahali penye mteremko wa maana. Siku anaposhuka na gari yake melini Mkoani, mlima unamsubiri getini.

Tupige hesabu kidogo. Chukua gari ya kilo 1,500 kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10. Gari hiyo inavutwa kwenda chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 150 hivi. Mteremko ukiwa mkali mara mbili ya huo, nguvu inakaribia kilo 300. Na haipumziki: iko pale wakati unasali, unakula, umelala. Ikiachia, hata kwenye ule mteremko wa kwanza, ndani ya mita 50 gari inaweza kufikia mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa, na injini imezimwa, kwa hiyo hakuna mngurumo wa kumshtua mtu. Huko chini ndiko kuliko na skuli, duka, na baraza ya watu wanaocheza bao wakiwa wameipa barabara mgongo. Hii ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote.

"Vuta hendibreki, inatosha"

Inatosha mara nyingi, mpaka siku isipotosha. Kwenye gari nyingi tunazotumia, hendibreki huvuta waya unaobana breki za magurudumu mawili ya nyuma tu. Haitumii ile nguvu ya mafuta ya breki unayoipata ukikanyaga pedeli, ambayo hufika magurudumu yote manne. Waya hulegea kadiri unavyotumika, na shuu, yaani vile vipande vinavyobana gurudumu lisizunguke, nazo huisha. Ukiona unalazimika kuinua mkono wa hendibreki hadi karibu na mwisho wake ndipo ishike, hiyo ni kazi ya fundi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Gari yenye breki za diski nyuma, ikiwa imetoka kushuka mlima mrefu, diski zake huwa za moto. Ukiipaki hapo hapo, chuma hupoa na kusinyaa, na ule mbano ulioacha wakati wa kuvuta hupungua. Gari iliyosimama vizuri mbele ya macho yako inaweza kuanza kujongea dakika kadhaa baadaye, wewe ukiwa umeshaingia ndani kunywa chai. Ukishuka na breki za moto, vuta kwa nguvu huku umekanyaga pedeli, kisha baada ya muda rudi uvute tena.

Mzigo nao una hesabu yake. Hendibreki iliyoshika gari tupu asubuhi haijatoa ahadi yoyote kuhusu gari ile ile ikishajazwa magunia ya karafuu au abiria kumi na wanne. Msimu wa karafuu unajua mwenyewe: gari inasimama kilimani nje ya nyumba, vijana wanapakia, kila gunia linaongeza uzito, na hakuna anayerudi kuangalia breki. Weka kabari kwenye tairi kabla gunia la kwanza halijapanda.

"Ukiivuta usiku kucha, itaganda"

Dhana hii imeshikwa na punje ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Gari ikikaa wiki nyingi bila kuguswa, hasa wakati wa masika, shuu zinaweza kushikana na chuma kwa kutu. Lakini usiku mmoja si wiki nyingi. Tena mambo huwa kinyume: waya unaokaa bila kuvutwa ndio unaokamatwa na kutu ndani ya ala yake, na siku unapouhitaji hauendi, au unakwenda na haurudi. Hendibreki inayotumika kila siku ndiyo inayodumu. Kama gari itakaa muda mrefu, ipeleke pahali tambarare, itie gia, uizuie kwa kabari, na hendibreki uiache huru. Hilo ni la tambarare peke yake.

"Otomatiki ni P tu, basi"

Hapa ndipo naona madereva wengi wanapojidanganya, kwa kuwa P, ile nafasi ya kupaki kwenye mkono wa gia, inaonekana kama kufuli. Ndani ya giaboksi, ukiweka P, kijino kimoja cha chuma huangukia kwenye gurudumu lenye meno na kulizuia lisizunguke. Kijino hicho ni kidogo. Ukiweka P kilimani kisha ukaachia pedeli bila hendibreki, uzito wote wa gari unakaa juu yake. Ule mshtuko na mlio wa "ka!" unaousikia asubuhi unapotoa P ni kijino kikichomolewa kwa nguvu chini ya mzigo. Kikichakaa, au kikiwa hakikuingia sawasawa kwenye meno, gari inaweza kuondoka.

Mpangilio unaofaa ni huu. Gari imesimama, mguu uko kwenye breki, weka N, yaani nyutro. Vuta hendibreki. Achia pedeli polepole, gari ijongee kidogo na kuegemea kwenye hendibreki. Kanyaga tena, weka P, ndipo uzime. Wakati wa kuondoka, kanyaga breki, washa, toa P kwanza, kisha shusha hendibreki. Hapo kijino kinakuwa akiba na mzigo umebebwa na breki. Faida nyingine: gari ndogo nyingi kama Vitz na IST kwa kawaida huendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo P hushika ya mbele na hendibreki ya nyuma. Ukitumia vyote viwili umezuia magurudumu manne. Kwenye udongo mtelezi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu gari ikielekea chini, uzito huhamia mbele na tairi za nyuma hushika ardhi kwa udhaifu. Hendibreki inaweza kuwa nzima kabisa, magurudumu yamekaza, na bado gari ikateleza nayo yakiwa yamekaza vile vile.

Gari ya manyuali

Wapo wanaoacha nyutro wakihofia kuharibu giaboksi. Giaboksi haiharibiki kwa gari kulala kwenye gia. Gari ikielekea juu, weka gia ya kwanza. Ikielekea chini, weka rivasi. Zote mbili ni gia nzito, na injini iliyozimwa huwa ngumu kuzungushwa kupitia gia nzito. Gia ya nne au ya tano haisaidii kitu. Ila usiitegemee gia peke yake, maana mgandamizo wa injini huvuja taratibu na gari inaweza kusogea hatua kwa hatua, hasa injini ikiwa imechoka.

Usukani, na yale tuliyoyaona kwenye video

Wengi tumejifunza kwenye simu kuwa ukipaki kuelekea chini unageuza magurudumu kulia. Aliyeonyesha hivyo yuko Marekani au Ufaransa, ambako magari hupita kulia na kupaki kulia. Sisi tunapita kushoto. Ukifuata video ile kwenye mteremko wa Wete, umeielekeza gari yako katikati ya barabara.

Kwetu, ukipaki kushoto ukielekea chini, geuza magurudumu kushoto. Ukielekea juu na pembeni hakuna ukingo wa zege, geuza kushoto vile vile: gari ikirudi nyuma, mkia wake utaelekea pembeni na kutoka barabarani. Hali moja tu ndiyo tofauti. Ukielekea juu na ukingo wa zege upo, geuza kulia, kisha iachie gari irudi kidogo kidogo mpaka upande wa nyuma wa tairi ya mbele uguse ukingo. Iache imeegemea hapo. Geuza wakati gari bado inajongea, si baada ya kusimama, maana kulazimisha tairi zilizosimama kunazichosha pamoja na usukani. Kwa gari za ufunguo, ukichomoa ufunguo usukani hujifunga na magurudumu hubaki yalivyo.

Ukweli wa Pemba ni kwamba sehemu nyingi hazina ukingo wa zege. Pembeni kuna mtaro, au ukuta wa udongo barabara ilipokatwa kilimani, au hakuna kitu, ni bonde. Tairi kuzama mtaroni ni hasara, lakini hasara ya bampa. Ukuta wa udongo ni mzuri zaidi, gari itagonga na kukaa. Kama upande wa kushoto kuna poromoko na chini yake paa la nyumba ya watu, usipaki hapo kwa namna yoyote. Panda mpaka juu kilimani, au shuka hadi tambarare, utembee kurudi. Dakika tano za jua si kitu mbele ya watoto wanaocheza uani.

"Tia jiwe lolote"

Jiwe la duara huviringika, au tairi huliparamia. Kifuu na kipande cha mnazi kilichooza husagika. Kinachofaa ni kabari: gogo gumu lililochongwa mshazari, au jiwe la matumbawe lenye ubapa, liingizwe hadi libane kabisa, upande wa chini wa tairi. Ukiliacha mbali kwa shubiri moja, gari itapata mwendo kwanza kabla ya kuligusa. Mawili ni bora kuliko moja. Utingo anayekimbia na gogo gari ikisimama mlimani anafanya kazi ya maana sana, na anastahili kungojwa hadi alichukue tena. Jiwe linaloachwa katikati ya njia usiku humwangusha mwenye pikipiki.

Pancha mlimani

Hili naliogopa kuliko yote, kwa sababu mtu huwa amechuchumaa ubavuni mwa gari. Watu huamini gari ikiwa kwenye P au gia haiwezi kwenda, hata ikiinuliwa jeki. Gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace nyingi, ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile lililo hewani huwa huru kuzunguka kinyume, na difu, ile mashine inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, humruhusu mwenzake aliye chini kuviringika. P na gia zinakuwa hazina kazi. Hendibreki nayo imebakiwa na gurudumu moja tu la kushika. Gari husogea kidogo, jeki hulala, na gari humwangukia aliye karibu. Ukipata pancha mlimani, endesha taratibu mpaka tambarare hata kama tairi itachanika. Tairi hununuliwa.

Na gari ikishaanza kuondoka, usisimame mbele yake wala nyuma yake kuisukuma. Nilitaja kilo 150 kwa mteremko wa kawaida tu, na hiyo ni kabla haijapata mwendo. Kijana mwenye nguvu na wenzake wawili hawaizuii. Usirukie mlango wazi pia, maana wengi huvutwa chini ya magurudumu namna hiyo. Piga kelele, watu wapishe, acha gari iende.